Kuridhika na Fungu Lako: Mwongozo wa Marabi kwa Msomaji wa Lamu

Katika Mishna, mkusanyo wa mafunzo ya marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, mmoja wao aitwaye Ben Zoma anauliza ni nani aliye tajiri, kisha anajibu kuwa ni yule anayelifurahia fungu lake. Jibu hilo halitamshangaza mtu wa Lamu, kwa kuwa kukinai ni somo tulilolisikia tangu chuoni. Linalofaa kuchunguzwa ni jinsi Wayahudi walivyolifanya kuwa utaratibu wa kila siku na kila wiki, kwani dini yao haimwambii mtu aridhike kisha ikamwacha ahangaike peke yake na moyo wake, bali humpa saa, kiasi na maneno ya kusema. Hapa kwetu hakuna sinagogi, lakini mtu wa dini yoyote anaweza kuyapima mambo haya bila ya kuiacha dini yake.

Ieleweke kwanza kwamba marabi hawausifu ufukara. Pasipo unga hapana Torati, walisema, na Talmudi ya Yerusalemu, moja ya mikusanyo mikubwa miwili ya mijadala yao juu ya Mishna, inafundisha kuwa mtu atatolea hesabu kila chakula kizuri alichokiona kwa jicho lake asikile. Rabi mwingine, Rava, naye alifundisha kuwa swali la kwanza mtu atakaloulizwa siku ya hukumu ni kama alifanya biashara kwa uaminifu. Basi mwenye duka Langoni hana haja ya kuionea haya faida yake. Anachotakiwa ni kuiwekea mpaka.

Mpaka wa kwanza, na kwa maoni yangu ulio mkubwa kuliko yote, ni Sabato. Huanza Ijumaa kabla ya jua kutua na kwisha Jumamosi usiku nyota zinapoonekana, takriban saa 25, na katika muda huo Mishna inakataza aina 39 za kazi, zikiwemo kuwasha moto, kuandika na kujenga. Fedha haishikwi. Nabii Isaya alikwisha kuonya juu ya kufuata shughuli zako na kuzizungumza siku hiyo, na marabi wakaiingiza katika sheria kuwa habari za biashara zisitajwe. Hata sala hubadilika: sala kuu ya siku za kawaida ina baraka 19, na ndani yake mna maombi ya afya, ya riziki na ya mwaka wenye mavuno, ilhali siku ya Sabato maombi hayo huondolewa na zikabaki baraka 7. Yaani hata Mungu haombwi faida siku hiyo. Marabi walieleza kwamba Myahudi anapaswa kuiona kazi yake yote kana kwamba imekwisha, ingawa anajua fika kuwa kesho yake ataikuta ilipo.

Sheria hiyo wamewekewa Wayahudi, wala wengine hawadaiwi kuishika, lakini mwenye kutaka anaweza kuazima sehemu yake. Chagua muda unaoweza kuutimiza, kwa mfano tangu magharibi ya Ijumaa hadi adhuhuri ya Jumamosi, kisha uwajulishe watu wa nyumbani na wateja wako mapema, kwa sababu kazi kubwa hufanywa kabla ya muda wenyewe kuingia. Chakula kipikwe mchana, mitungi ijazwe, mwenye deni dogo alipwe, na daftari la mauzo lifungwe hata kama hesabu haijakaa sawa. Simu izimwe kabisa na kuwekwa kwenye kidaka cha juu. Usiridhike kuinyamazisha tu ukaendelea kuishika mkononi, maana ujumbe mmoja wa M-Pesa ukiingia saa tatu ya usiku unatosha kuurudisha moyo sokoni. Wala usidhani kuwa hii ni siku ya kujinyima, kwani kufunga kumekatazwa siku ya Sabato, isipokuwa Siku ya Upatanisho, mfungo mkuu wa Wayahudi, ikiangukia humo. Vaa nguo njema, kula vizuri kuliko siku nyingine, mwite jirani. Barazani pakizuka habari za bei ya viwanja au za bandari mpya, na hapa kwetu hazikosi kuzuka, yageuze mazungumzo kwa upole.

Katika kula, Rabi Meir alifundisha kuwa mtu anapaswa kusema baraka 100 kila siku, na baadhi ya hizo husemwa kabla ya kitu kutiwa kinywani. Embe husomewa baraka ya tunda la mti, bali ndizi husomewa baraka ya tunda la ardhi, kwa kuwa mgomba ukishazaa shina lake hufa. Samaki na maji vina baraka ya jumla, kwamba kila kitu kimekuwa kwa neno la Mungu. Kwa hiyo mlaji analazimika kusita kidogo, akakitazama kilichopo mbele yake na kukijua. Anza na chai ya asubuhi peke yake, kwa maneno ya dini yako.

Tamaa ya mali ya jirani ina sheria kali zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Musa bin Maimun, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba anayemsonga mwenye mali na kumtumia marafiki mpaka akamuuzia amevunja amri ya kutotamani, hata kama alilipa fedha nyingi. Madalali wanaobisha kila wiki mlango wa bibi mwenye kiwanja Shela wangefaa kulisikia hilo. Kipimo ni chepesi: ukikataliwa, acha, wala usimtume mtu.

Bin Maimun mwenyewe alijua mali inavyopotea. Ndugu yake Daud, mfanyabiashara wa vito, alizama katika Bahari ya Hindi akiwa na fedha yake, ya Musa na ya watu wengine, na Musa akaugua kitandani kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Alifanya kazi ya utabibu Misri hadi kufa kwake mwaka 1204. Ndiye aliyepanga ngazi 8 za utoaji, na ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ushirika au kazi ili asihitaji tena kuomba.

Tenga basi fungu la kumi la faida pindi inapopatikana, kabla halijachanganyika na matumizi, wala usivuke moja ya tano, maana marabi waliweka kikomo hicho ili mtoaji asije akawa mwombaji. Hata anayeishi kwa sadaka anatakiwa kutoa kitu. Ukimpata mvuvi aliyepoteza nyavu, mkopeshe za kununulia nyingine. Torati inakataza kumtoza riba ndugu mhitaji, na Talmudi inakataza kukopesha pasipo mashahidi, kwa hiyo waite wawili na kiasi kiandikwe.