Kuizuru Ahmedabad kwa Bajeti Ndogo

Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat nchini India ulioasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411 kando ya mto Sabarmati, unamfaa sana msafiri mwenye fedha kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mambo yaliyoufanya uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017, wa kwanza kati ya miji ya India, imo ndani ya mji mkongwe na hutazamwa kwa miguu. Kwa hiyo usifuate chumba cha bei nafuu kilicho mbali. Tafuta malazi karibu na stesheni ya treni ya Kalupur au mtaa wa Lal Darwaja, ili nauli ya kila siku isimeze ulichookoa. Kabla ya kulipa, uliza kama wanapokea wageni kutoka nje ya India, maana baadhi ya nyumba ndogo za wageni haziwapokei.

Nenda kati ya Novemba na Februari, kwani joto la Mei hupita nyuzi 40. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukishukia Mumbai, panda treni ya usiku, daraja la vitanda lisilo na kiyoyozi: utakuwa umeokoa pia gharama ya kulala.

Asubuhi ipe vichochoro vinavyoitwa pol, vyenye nyumba za mbao za nakshi na minara midogo ya kulishia ndege. Mwenyeji wa Zanzibar ataitambua milango mara moja, na si ajabu, kwa kuwa ile ya Kigujarati iliyoko Mji Mkongwe wa Zanzibar ina asili yake huku Gujarat. Kisha ingia Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424, wenye nguzo 260, nje ya saa za sala. Viatu huvuliwa, na mawe ya uani huunguza nyayo adhuhuri, basi beba soksi.

Pahala ambapo ningekusihi usiharakishe ni msikiti wa Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyeujenga kati ya 1572 na 1573. Madirisha yake ya ukuta wa magharibi yamechongwa katika jiwe yakawa mti wenye matawi membamba yanayosokotana, na jua la alasiri hupenya katika kila tundu. Kazi hii ya mtu mwenye asili ya Afrika, kwa maoni yangu, inatosha kuwa sababu ya safari nzima.

Chakula cha jioni kipo Manek Chowk, soko ambalo asubuhi huuza mboga, mchana vito, na usiku hugeuka uwanja wa wapishi. Chagua kibanda chenye wateja wengi na chakula kinachopikwa mbele yako.

Ashram ya Sabarmati, makao ya Gandhi alikoanzia matembezi ya chumvi ya kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza tarehe 12 Machi 1930, haina kiingilio. Nenda kwa basi la mji. Kwa bajaji, sisitiza mita iwashwe kabla ya kuondoka.