Msanii kipenzi kafariki na sababu haijulikani: namna ya kuipokea habari na kuipeleka

Kwa miaka 22 nilikaa kwenye kidirisha cha matangazo ya vifo katika redio moja hapa Unguja. Anakuja kijana aliyetumwa na wakubwa zake, baiskeli kaiegemeza ukutani, karatasi kaikunja mara nne mpaka imelowa jasho. Naipokea, naisoma, namuuliza, naandika kitabuni, na kabla ya taarifa ya habari tangazo linasomwa. Nimestaafu. Siku hizi kidirisha kile kimo ndani ya simu ya kila mtu, ila hakuna aliyekaa nyuma yake kuuliza.

Alhamisi ya tarehe 27 Februari 2025, Ramadhani ikinukia, nilikuwa barazani kwetu Kikwajuni nachagua mchele. Mtoto wa kaka yangu akaja mbio. "Shangazi, Gene Hackman kauliwa! Yeye, mkewe na mbwa wao!" Mkono ulinisimama juu ya ungo. Marehemu mume wangu alikuwa na kanda za video za mtu yule, akizitunza kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Tulimpenda hata alipoigiza ubaya, kama pale alipokuwa adui wa Superman. Alikuwa mzee wa miaka 95, ameshachukua tuzo mbili za Oscar na kuacha kuigiza tangu 2004, lakini niliumia kama aliyefiwa na jirani. Nikaomba simu nijisomee mwenyewe. Ujumbe wa Kiswahili ulisema kauliwa. Habari ya Kiingereza iliyobandikwa chini yake haikuwa na neno hilo.

Ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyomwelekeza kijana siku ile, pamoja na tuliyojifunza wiki zilizofuata.

Uliza nani kaleta

Kitabu changu cha kidirishani kilikuwa na safu moja ambayo wenzangu waliiona inapoteza wakati: kaleta nani, na ana uhusiano gani na marehemu. Niliianzisha baada ya kosa langu mwenyewe. Mtu mmoja alileta karatasi yenye majina mawili tu na jina la kijiji. Saa kumi inakaribia, mtangazaji ananihimiza, nikaipitisha. Kumbe kijijini pale walikuwapo wawili wenye majina yale yale. Aliye hai alikuwa dukani ananunua mafuta ya taa, akajisikia anatangazwa yeye. Alipofika kwake wanawake wameshaanza kulia, na mama yake mzazi kalazwa kwenye mkeka anapepewa. Kesho yake alinifuata kazini. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi akaniambia, "Bibi, mama yangu tangu jana kanishika mkono, haniachi." Tangu siku ile nikadai majina matatu, mtaa, umri, na mtu wa nyumbani wa kuthibitisha.

Kwa msanii fanya vivyo hivyo. Mchekeshaji wetu Mzee Majuto alizushiwa kifo zaidi ya mara moja kabla hajafariki kweli, Muhimbili, tarehe 8 Agosti 2018. Alikuwa na familia iliyokuwa ikiipokea mizaha ile kama tangazo la kweli. Kwa hiyo mtafute mwenye dhamana ya kusema: familia, hospitali, au polisi wa pale pale. Kwa Hackman alikuwapo. Ofisi ya sherifu wa kaunti ya Santa Fe, jimbo la New Mexico, Marekani, ilithibitisha kwamba mume na mke walikutwa wamefariki nyumbani kwao tarehe 26. Hapo kifo kimethibitika. Sababu bado, na usizichanganye habari hizo mbili, kwa sababu nyingi tunazosambaza huwa kweli upande wa kwanza na uzushi mtupu upande wa pili.

Ukimkosa mwenye dhamana, subiri. Habari ya kifo si maziwa, haichachi.

Angalia neno linavyobadilika njiani

Hapa ndipo nilipokaa na kijana muda mrefu zaidi. Polisi wa kule waliandika kwamba hali ya vifo vile inatia shaka kiasi cha kuhitaji uchunguzi kamili. Mke alikutwa karibu na vidonge vilivyotawanyika. Kwa mpelelezi, shaka ni sababu ya kuanza kutafuta. Kwetu barazani ikageuka kuwa jibu. Neno liliondoka Marekani likiwa "shaka", likapita Darajani likawa "utata", likafika Kikwajuni likiwa "kauliwa".

Kabla hujatuma, yatenge maneno haya kama unavyotenga punje na mawe. Ukisema "sababu haijulikani", unasema hakuna aliyekwishatoa jibu. Ukisema "kifo cha utata", unasema yapo mambo hayajakaa sawa. Ukisema "kauliwa", umeshasema yuko muuaji, na watu watamtafuta kwa macho yule wa karibu: mke, mtoto, mtumishi wa nyumbani. Haikuchukua muda mke wa watu keshahukumiwa kwetu. Mdogo kwa mumewe miaka 30, mume tajiri, basi, kesi imekwisha. Betsy Arakawa alikuwa na miaka 65, mpiga piano, aliyekaa kwenye ndoa ile tangu 1991. Na ilikuja kujulikana kuwa aliyetangulia kufa ni yeye, akiwa ndiye aliyekuwa akimuuguza mzee.

Haya si ya Wamarekani peke yao. Mwigizaji wetu Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, mabaraza yalitoa hukumu usiku ule ule. Mahakama ilitoa yake Novemba 2017.

Na iko sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu chake cha 16 kinamtaka anayechapisha uongo akijua ni uongo, kwa nia ya kuchafua au kupotosha, alipe faini isiyopungua shilingi milioni 5 au afungwe si chini ya miaka 3, au vyote viwili. Lakini mimi nisingependa mtu anyamaze kwa kuogopa faini. Anyamaze kwa kumkumbuka mama aliyelazwa kwenye mkeka.

Andika kama tangazo la redio

Siku ya kwanza kazini nilifundishwa tangazo lina nini: nani, wa wapi, lini, maziko saa ngapi na wapi, habari ziwafikie akina nani. Sababu haimo. Mtu akileta karatasi yenye jina la maradhi nilimuuliza kama wakubwa wa nyumba wanataka lisomwe, na mara nyingi alirudi akasema ondoa. Sababu ya kifo ni mali ya wenye maiti, wao ndio wa kuitoa wakitaka.

Kijana alifuta ujumbe wake wa kwanza, tukaandika huu: "Mwigizaji wa Marekani Gene Hackman, miaka 95, na mkewe Betsy Arakawa, wamekutwa wamefariki nyumbani kwao Santa Fe tarehe 26 Februari. Ofisi ya sherifu imethibitisha. Sababu haijatangazwa. Habari ziwafikie wapenzi wote wa filamu zake." Aliniuliza, "Shangazi, ndiyo basi? Mbona fupi?" Nikamwambia aongeze anachokijua yeye mwenyewe: filamu ipi aliiona, na nani, wapi. Akaandika kwamba aliangalia akiwa mdogo kwenye zulia la marehemu ami yake, akapewa kashata ili atulie. Watu walijibu ule ujumbe kuliko wowote aliopata kuutuma. Kila mmoja akataja deki ya nyumba gani, sinema ya mwaka gani.

Pole unaweza kuitoa kwa yeyote aliyefiwa. Mambo ya dua kwa asiyekuwa Muislamu muulize sheikh wako, usibishane nayo kwenye kundi.

Picha za maiti, za chumba, za machela: usifungue, usipeleke. Familia ya Hackman ililazimika kwenda mahakamani, na jaji akazuia picha zinazoonyesha maiti zisitolewe. Sisi maiti tunamsitiri kwa shuka hata mbele ya wanaomkosha.

Kama hamuwezi kunyamaza, hesabuni siku

Watu watataka kusema, na hatuwezi kuwaziba midomo wazee wa kahawa. Nilichofanya ni kuwapa cha kuhesabu. Nilichukua kalenda ya ukutani nikatia alama. Tarehe 26 wamekutwa. Binti yake mwenyewe alidhani ni hewa ya sumu ya gesi, na ilikuwa dhana ya mtu mwenye uchungu na akili timamu. Tarehe 28 sherifu akasema vipimo vya hewa ile havikuonyesha kitu. Niliwaonesha: angalieni, hata mwana wa marehemu amekisia na hakupata, sisi tulio ng'ambo ya bahari tutapata wapi? Daktari wa uchunguzi hufungua, huchukua damu na vipande, hupeleka maabara. Vipimo vingine huchukua wiki.

Majibu yalitoka tarehe 7 Machi. Mimi niliyasoma usiku wa kuamkia tarehe 8, wakati wa daku, uji umeshapoa mbele yangu. Mke alikufa kwa maradhi ya mapafu ya hantavirusi, kirusi kinachotokana na panya. Mzee alikufa kwa maradhi ya moyo, na Alzheimer, ugonjwa wa usahaulifu, ulikuwa umemwendea mbali. Kifaa cha moyo kifuani mwake kilifanya kazi mara ya mwisho tarehe 18 Februari, yapata wiki moja baada ya mkewe. Wiki nzima kaishi ndani ya nyumba ile na mkewe maiti, na huenda hakuelewa. Mbwa mmoja alifia ndani ya kizimba chake kwa kukosa wa kumfungulia. Barazani kwetu zilishatajwa sumu, mali, majambazi, hata majini. Panya hakutajwa na mtu.

Majibu yakitoka, rudi pale pale uliposema mwanzo, kundi lile lile, watu wale wale, useme. Taja na jina la uliyemdhania vibaya. Kijana aliandika: "Mke hakuua mtu. Aliugua akafa. Tumsamehe na yeye atusamehe." Wawili waliomhukumu walifuta maneno yao bila kuambiwa.

Utaulizwa pia kuhusu panya, kwa hiyo ujue cha kujibu. Kirusi kile hubebwa na panya wa mwituni wa kule Marekani, na aina hiyo haiambukizi mtu kwa mtu. Hata hivyo kinyesi cha panya stoo usikifagie kikavu, vumbi lake ndilo linaloingia puani. Fungua madirisha, mwagia maji yenye klorini, kiache kilowe, kisha kipanguse kwa kitambaa.

La mwisho, mtazame aliye karibu yako. Michenzani ghorofa ya tatu wako wazee wawili, mume na mke, watoto wote wako Bara na Uarabuni, na mume siku hizi ananiuliza mimi ni nani. Baada ya daku ile nilikwenda nikakubaliana na bibi juu ya alama. Kila siku saa moja asubuhi anafungua dirisha la jikoni na kutundika kitambaa chekundu. Namba za simu za watoto tumeziandika kwa kalamu nene nyuma ya mlango, kwa ndani, na ufunguo wa pili ninao mimi. Nikienda sokoni napita chini nainua macho. Nikikikosa kitambaa, napanda.