Kumpima kijana kabla hujamkabidhi stoo

Assalamu alaikum wanachama. Shule zikifungwa, karakana yangu ya useremala hapa Langoni, Lamu, huletewa vijana. Mzazi hana maneno mengi: "Huyu mwanao, mfunze kazi." Humkatai, lakini lazima ujue umeletewa nani. Mimi humpima kwa asubuhi moja, kwa kazi yenyewe.

Kwanza, saa. Mwambie saa moja na nusu. Akichelewa, muulize. Anayevuka kutoka Mokowe huenda amekosa boti; ninachotaka kujua ni kama alipiga simu.

Pili, tepu. Hapa nakaa sana. Mpe ubao wa futi moja, mwambie, "Nisomee kwa inchi." Tepu zetu zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, basi wengi watakujibu "thelathini." Usimkosoe. Mwambie apime tena, kisha nyamaza. Anayekodoa macho, akaona ule upande mwingine mwenyewe, huyo ana kitu. Nusu na robo wanazijua. Kwenye moja ya nane ndipo kimya huingia.

Zamani nilimrudisha kijana kwao kwa kosa hili, kumbe hakuwahi kushika tepu maishani. Siku hizi namwonyesha mara moja, halafu ndiyo napima.

Tatu, hesabu. Korija mbili na nusu za boriti ni boriti ngapi? Asiyejua korija ni 20 hakuambiwa tu. Mwambie, usubiri 50. Simu ruhusa, hata mimi natumia.

Nne, karatasi. Mpe orodha ya mzigo inayosema paketi 12 za skrubu, wewe weka 11. Atatia sahihi au atakuja kukuuliza?

Alama: 0 hawezi hata akionyeshwa, 1 anaweza akionyeshwa, 2 anaweza peke yake. Usizijumlishe. Mwenye 2 ya tepu na 0 ya karatasi apige randa, mzigo asipokee.

Marekani wana mtihani wa namna hii, WorkKeys wa shirika la ACT: hesabu za kazini, kusoma michoro, kusoma nyaraka. Cheti chake kina ngazi nne, shaba hadi platinamu. Ila korija hawana.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi nina hoteli ndogo Malindi. Nipime nini?*
Chenji. Mgeni amekula 1,350, ametoa 2,000. Kisha mpe chumba na orodha ya vitu vyake, taulo moja ufiche.

*Wangu akiulizwa anainamisha kichwa tu. Ni sifuri?*
La, dada. Mbele ya mtu mzima hiyo ni adabu ya nyumbani. Mpange na kijana mwenzake, wewe sikiliza ukiwa na shughuli zako.

*Karatasi yako ya alama itamfaa akitafuta kazi kwingine?*
Haitamfaa, hiyo ni yangu na yeye. Mkono ukikomaa, akafanye majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Gredi ya Tatu ndiyo ya kuanzia, ya Kwanza ndiyo ya juu.

*Na huyo wa paketi 11, mwaka huu alifanyaje?*
Alihesabu mara tatu, akanijia jasho linamtoka: "Baba, moja imeibiwa kwenye boti." Nikaitoa mfukoni. Tangu siku hiyo, mzigo ukifika, anaanza kwa kunitazama mifuko.