Maji ya kukamulia mafuta yana moto wa jikoni ndani yake

Kule Malaysia na Indonesia, kiwanda kikikamua tani moja ya vishada vya michikichi hutoa zaidi ya nusu mita ya ujazo ya maji machafu: ya kahawia, ya moto, yenye asidi. Yakiachwa vidimbwini huoza na kumwaga hewani methani, gesi inayowaka. Viwanda kadhaa huyafunika, vikainasa gesi hiyo na kuwashia boila au jenereta. Mita moja ya ujazo ya maji hayo huweza kutoa takriban mita za ujazo 28 za gesi.

Sisi Mombasa hatukamui mawese. Hushushwa bandarini yakiwa mafuta tayari. Lakini anayekamua nazi Kisauni au Likoni ana maji ya tabia hiyo hiyo nyuma ya banda, yale yanayobaki ukishaengua tui zito. Kwa joto letu, asubuhi ni matamu, jioni yameshachacha.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni pupa. Mtu ana mtambo wa gesi ya samadi ya ng'ombe wawili, anamimina humo ndoo tatu za maji hayo kwa mkupuo. Mfuko wa gesi unajaa, anafurahi, anawasha jiko: haliwaki. Bakteria wa kutengeneza asidi wana mbio. Wa kutengeneza methani ni wazito, na asidi ikizidi wanalala kabisa. Kilichojaa mfukoni sana sana ni kaboni dioksaidi.

Kwa hiyo anza na samadi tupu mpaka moto uwe wa buluu. Kisha ongeza maji ya nazi yaliyopoa na kuenguliwa mafuta, nusu ndoo kwa ndoo tano za samadi, ukae hapo wiki moja kabla ya kuzidisha. Chovya karatasi ya buluu ya litmasi, ile ya kupimia asidi, kwenye tope linalotoka. Ikigeuka nyekundu, simamisha maji, rudi kwenye samadi na konzi chache za majivu.

Jambo jingine la kwetu ni chumvi. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huweza kuwadhoofisha bakteria pia, basi koroga samadi kwa maji ya mvua au ya mfereji.

Gesi ikinuka mayai viza, pachika kwenye bomba waya wa kusugulia sufuria ulioshika kutu; bila hivyo jiko litaliwa. Na uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni. Kiberiti kiache mfukoni.