Kukusanya makangaga (ferns) ya mjini Kisumu: someni kabla ya kuuliza

Kila wiki naletewa picha ya jani moja lililokatwa: "Mwalimu, hili ni kangaga gani?" Naandika mara moja, nisiulizwe tena.

1. Tafuta penye unyevu na kivuli: mitaro, kuta kuukuu, chini ya bomba linalovuja.

2. Piga picha ya mmea mzima kabla ya kuugusa.

3. Geuza jani. Kangaga halitoi ua wala mbegu. Linazaa kwa spora, chembe ndogo kama vumbi, na vifuko vyake viko mgongoni mwa jani: vitone vya kahawia, au mstari ukingoni. Jani lisilo navyo liache.

4. Ng'oa pamoja na kipande cha shina la chini, na magamba yake. Ukiukuta mmea mmoja tu, picha inatosha.

5. Bana katikati ya magazeti, weka matofali juu. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilibana makangaga kumi na manne, nikaenda matanga Siaya siku nne. Kurudi, ukungu mweupe kila jani, na harufu ya soksi. Hewa ya ziwa haina huruma: BADILISHA MAGAZETI KILA SIKU, hasa siku tatu za mwanzo. Usianike juani, majani yatajikunja. Laza mengine kifudifudi na mengine chali, ili pande zote mbili zionekane.

6. Lebo: tarehe, mahali, lilipoota (ukuta? mtaro?), jina lako na namba ya sampuli. Bila lebo, hizo ni nyasi kavu tu, na Hebaria ya Afrika Mashariki kule Nairobi, inayohifadhi mimea iliyokaushwa, haina kazi nazo.

MASWALI

Kijana wa Kondele: Mwalimu, hili ni gani? (picha moja, kwa juu)
— Hatua ya 3.

Kijana wa Kondele: Si ungeniambia tu?
— Ningeambiwa na nani? Geuza jani.

Shangazi Milimani: Nimebana kwenye kurasa za jarida zinazong'aa. Mbona hayakauki?
— Hazinyonyi maji, dada. Gazeti la kawaida.

Nyar Nyalenda: Kwa nini lile lenye majani kama ngazi linapenda ukuta kuliko bustani yangu?
— Swali zuri! Likiwa ni Pteris vittata, linapenda chokaa, na ukuta wa zamani unayo tele. Spora ni vumbi, upepo unaziingiza ufani. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kwamba hufyonza arseniki, ambayo ni sumu, udongoni na kuirundika majanini. Kwa hiyo usilifanye mboga, wala mbuzi asilionje.

Mvuvi Dunga: Na vile vijani vinavyoelea, vidogo kama magamba ya omena?
— Huenda ni Azolla, kangaga pia! Ndani yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni hewani, ndiyo maana wakulima wa mpunga Asia huifanya mbolea. Jirani zetu wa Ahero wangeijaribu. Usiibane mkononi: ielee kwenye beseni, pitisha karatasi chini yake, inua polepole.

Mvuvi Dunga: Karatasi ya gazeti?
— Hapana, karatasi ngumu. Gazeti litakukatikia majini.