Kuendesha pampu ya tangi kwa chipu moja ya 74HC00

Pampu inapandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu. Kuna swichi tatu: A inatoa 1 tangi la chini likiwa na maji, B inatoa 1 la juu likijaa, C inatoa 1 koki ya bustani ikifunguliwa. Pampu (P) iwake chini kukiwa na maji, mradi juu hakujajaa au bustani inamwagiliwa.

Anza na jedwali la ukweli (orodha ya hali zote za A, B na C, na jibu la kila moja), hata kama jibu unaliona kichwani. Katika mistari 8, P ni 1 kwenye mitatu tu; ukisoma kwa mpangilio wa ABC ni 100, 101 na 111:

P = A·B′·C′ + A·B′·C + A·B·C

Hapa · ni AND ("na"), + ni OR ("au"), na ′ ni NOT (kinyume). Ukiunganisha hivi hivi, chipu tatu zitakwenda: ya AND, ya OR na ya NOT. Punguza kwanza. 100 na 101 zinatofautiana kwa C peke yake, basi C haina kazi hapo, inabaki A·B′. 101 na 111 zinatofautiana kwa B; inabaki A·C. Mstari wa 101 umetumika mara mbili, na wengi husita hapo. Ni halali, kwa sababu X + X = X.

P = A·(B′ + C)

Kwa kanuni ya De Morgan, B′ + C ni sawa na (B·C′)′, yaani NAND (AND iliyogeuzwa) ya B na C′. NOT nayo ni NAND iliyofungwa miguu yote miwili ya ingizo pamoja, na AND ya mwisho na A ni NAND ikifuatiwa na NOT. Hesabu: NAND nne, ndizo zilizomo ndani ya 74HC00.

Pini 14 iende volti 5, pini 7 iende graundi, na kapasita ya nF 100 kati yake, karibu na chipu. Kisha (namba ni za pini):

C → 1 na 2
3 → 4. B → 5
6 → 9. A → 10
8 → 12 na 13
11 = P

Kila swichi iunganishe volti 5 na ingizo lake, na rezista ya kΩ 10 kutoka ingizo hilo hadi graundi. Ukiiacha rezista, ingizo linaelea na pampu itawaka ukisogeza mkono tu. Kwa 74LS00 (NAND nne za aina nyingine), kΩ 10 haitoshi: ingizo lake lenyewe hutoa mkondo, nalo linaweza kusomeka 1 hata swichi ikiwa wazi. CD4011 pia ni NAND nne, lakini pini yake ya 4 ni tokeo, usiichomeke hapa.

Jaribu kwanza kwa LED na rezista ya kΩ 1 kwenye pini 11. Mstari unaofichua makosa ni 110: pini 3 isome volti 5, pini 6 isome 0, pini 8 isome 5, pini 11 isome 0. Pale namba inapopotoka, waya mbovu uko kwenye geti hilo.

Rilei (swichi ya koili inayowasha pampu) usiifunge moja kwa moja kwenye pini 11. Pitisha kwa transista 2N2222, rezista ya kΩ 1 kwenye besi, na dayodi 1N4007 sambamba na koili, mstari wake mweupe ukielekea chanya.