Jinsi ya kukokotoa PM2.5 wanayovuta watu wa nchi nzima, mwaka hadi mwaka

Njia ya haraka ya kupata kiwango cha chembechembe laini katika nchi ni kuchukua ramani ya hewa ya mwaka, iliyogawanywa katika miraba midogo, kujumlisha viwango vya miraba yote na kugawanya kwa idadi yake. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inaeleza ardhi. Mraba wa jangwa tupu unahesabiwa sawa na mraba wenye watu laki moja, wakati wanaovuta hewa hiyo ni watu. Kwa mambo ya afya tunahitaji wastani uliopimwa kwa uzito wa watu, na tukiufuatilia miaka mingi, tunahitaji pia kujua ni nini hasa kilichousogeza.

PM2.5 ni chembechembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini. Unene wa unywele wa mtu ni mikromita 50 hadi 70 hivi. Kwa udogo huo zinafika ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi hupenya hadi kwenye damu. Mwaka 2013 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hesabu hii inastahili kufanywa kwa uangalifu.

Hatua ya 1: Chagua data moja ya hewa

Vituo vya kupimia hewa ardhini ndivyo vinavyoaminika zaidi, lakini nchi nyingi zina vichache, tena vimerundikana mjini. Ndiyo maana tunatumia makadirio ya setilaiti. Maarufu zaidi ni ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, yanayoanzia mwaka 1998, kwa miraba ya nyuzi 0.01, yaani kama kilomita moja kila upande kwenye ikweta.

Elewa yanavyotengenezwa ili ujue udhaifu wake. Setilaiti haioni PM2.5 iliyo puani mwa mtu. Inaona jinsi mwanga unavyozuiwa na chembe zote kuanzia ardhini hadi juu angani. Modeli ya kikemia ya angahewa, GEOS-Chem, ndiyo inayokadiria sehemu iliyo karibu na ardhi, kisha vipimo vya vituo hutumika kurekebisha matokeo. Pasipo na vituo, marekebisho ni hafifu. Mawingu na theluji navyo huziba macho ya setilaiti.

Makadirio haya hutolewa upya mara kwa mara, na kila toleo huhesabu upya miaka yote tangu mwanzo. Usichukue miaka ya zamani kutoka toleo moja na ya karibuni kutoka jingine. Grafu itaruka mahali ulipounganisha, na msomaji atadhani hewa imebadilika. Onyo hili linahusu pia mfululizo ulio tayari, kama ule wa Benki ya Dunia wa wastani wa PM2.5 kwa kila nchi: upakue wote siku moja.

Hatua ya 2: Chagua data ya watu

Hapa kuna WorldPop, GPW na GHS-POP. Zote huchukua idadi ya sensa na kuisambaza kwenye miraba midogo, ila kila moja kwa njia yake. GPW husambaza watu sawasawa ndani ya eneo la utawala. WorldPop hutumia pia ramani za barabara, makazi na taa za usiku. Katika nchi yenye maeneo makubwa ya utawala, GPW itawamwaga watu hata pasipo na nyumba, na wastani wako utavutwa kuelekea hewa ya porini.

GPW na GHS-POP hutolewa kwa vipindi vya miaka mitano. Jaza miaka ya katikati kwa mstari ulionyooka, mraba kwa mraba. Kanuni ya ukuaji wa asilimia inaonekana ya kitaalamu zaidi, lakini inakwama kwenye mraba ulioanza na watu sifuri, na katika miji inayopanuka miraba hiyo ni mingi.

Hatua ya 3: Mpaka

Kata ramani zote kwa mpaka wa nchi, ukitumia faili moja la mpaka kwa miaka yote. Basi.

Hatua ya 4: Oanisha gridi mbili (mipangilio ya miraba)

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na programu haikuonyi. Miraba ya hewa ina nyuzi 0.01, ya watu mara nyingi ina sekunde 30 za nyuzi, yaani kama nyuzi 0.0083. Haikai moja juu ya nyingine, hivyo lazima gridi moja ibadilishwe.

Kiwango cha hewa ni wastani: ukigawa mraba wenye mikrogramu 20 kwa mita ya ujazo mara nne, kila kipande kinabaki na 20. Idadi ya watu ni jumla: mraba wenye watu 400 ukigawanywa mara nne, kila kipande kinapaswa kupata 100. Ukiibadilisha gridi ya watu kwa njia ya kukadiria wastani, unazalisha au kufuta watu. Ushauri wangu ni kuwaacha watu mahali walipo na kuileta hewa kwenye gridi yao. Kwa lugha ya kompyuta ya R na kifurushi chake cha ramani, terra:

```
library(terra)
hewa <- rast("hewa_2015.tif")
watu <- rast("watu_2015.tif")
hewa <- resample(hewa, watu, method = "bilinear")
```

Sasa kagua pwani na visiwa. Miraba ya ufukweni mara nyingi ina watu lakini haina thamani ya hewa. Miji mikubwa mingi iko kando ya bahari, kwa hiyo waliopotea wanaweza kuwa wengi. Wahesabu. Wakizidi hata asilimia moja, jaza mapengo kwa wastani wa majirani:

```
hewa <- focal(hewa, w = 5, fun = "mean",
              na.policy = "only", na.rm = TRUE)
```

Hatua ya 5: Hesabu yenyewe

Zidisha kiwango cha kila mraba kwa watu wake, jumlisha, kisha gawanya kwa jumla ya watu. Anayegawanya kwa watu wote, pamoja na wale wasio na thamani ya hewa, anapata jibu dogo kuliko ukweli. Kuwaondoa hao ndiyo kazi ya mask hapa:

```
watu <- mask(watu, hewa)
global(hewa * watu, "sum", na.rm = TRUE) /
  global(watu, "sum", na.rm = TRUE)
```

Rudia kwa kila mwaka.

Hatua ya 6: Tenganisha hewa na watu

Wengi huishia hatua ya 5. Nakusihi usiishie hapo, kwa sababu wastani huu husogezwa na mambo mawili: hewa ikibadilika, au watu wakihama kwenda kwenye hewa nyingine.

Chukua nchi ya mfano yenye maeneo matatu. La kwanza lina watu milioni 1 na mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo, la pili milioni 3 na mikrogramu 20, la tatu, ambalo ni jiji, milioni 6 na mikrogramu 40. Wastani wa ardhi, kama maeneo yanalingana ukubwa, ni 23.3. Wastani kwa uzito wa watu ni 31.

Baadaye jiji linasafisha hewa yake hadi 36, lakini limekua na kufikia watu milioni 10. Kwingineko hakuna kilichobadilika. Wastani mpya ni 30.7. Mtu atasema juhudi zote zimeleta nafuu ya 0.3 tu.

Rudia hesabu kwa hewa mpya na watu wa zamani: unapata 28.6. Kisha kwa hewa ya zamani na watu wapya: 33.6. Mchango wa hewa ni kushuka kwa 2.4 ukianza na watu wa zamani, au 2.9 ukianza na watu wapya. Chukua katikati, kama 2.6. Mchango wa watu kuhamia jijini, kwa njia hiyo hiyo, ni kupanda kwa 2.3. Sasa unaona hatua za kusafisha hewa zilifanya kazi, na kwamba jiji liliwapokea watu haraka karibu sawa na lilivyokuwa likisafishwa. Uamuzi utakaotokana na picha hii hautafanana na wa yule aliyeona 0.3 peke yake.

Hatua ya 7: Hesabu waliovuka viwango

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5, badala ya 10 ya mwaka 2005. Malengo ya njiani ni 35, 25, 15 na 10. Kwa nchi nyingi kigezo cha 5 huweka karibu kila mtu upande mmoja, kwa hiyo hesabu malengo yote, kwa asilimia na kwa vichwa.

Katika mfano wetu, walio juu ya 35 walikuwa asilimia 60, wakawa 71, kutoka watu milioni 6 hadi milioni 10, huku wastani ukishuka. Lakini jiji lingefika 34 badala ya 36, asilimia ingeanguka hadi sifuri kwa tofauti ya mikrogramu 2 tu. Ndiyo maana asilimia na wastani huchapishwa pamoja.

Hatua ya 8: Chora, kisha linganisha na vituo

Mwaka wa ukame, vumbi la jangwani au moto wa misitu hupandisha mstari bila kiwanda hata kimoja kuongezeka. Chora kila mwaka kwa nukta, na wastani wa miaka mitatu kwa mstari. Palipo na kituo cha ardhini chenye kumbukumbu ndefu, weka vipimo vyake pembeni. Viwango vikitofautiana si ajabu, lakini mielekeo ikipishana, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, usichapishe kabla ya kujua sababu.

Chini ya grafu andika toleo la data ya hewa, aina ya data ya watu, na kwamba hii ni hewa ya nje pekee. Moshi wa jikoni unaobaki ndani ya nyumba haumo, na kwa familia zinazopikia kuni au mkaa huo unaweza kuwa ndio mzigo mkubwa zaidi.